Manjano Yasiyotoka kwa Sabuni

Hapa Mpapura hakuna anayeijua salfa kuliko Yusufu Nachundu, na asiyeamini amuulize mwenyewe. Misimu ishirini na miwili amebeba mashine mgongoni akipulizia mikorosho ya watu unga huo wa njano unaoua ukungu. Jioni hurudi wa njano tangu kope hadi kucha, akijiona daktari wa miti.

Ndiyo maana Julai ile macho yake yalipogeuka manjano hakuna aliyeshtuka. Homa ikamtetemesha, ubavu wa kulia ukamchoma, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Mabingwa wa barazani, nami jirani yake nikiwemo, tukaamua kuwa salfa imemwingia, anywe tui la nazi. Akanywa vikombe vitano. Maumivu yaliyofuata yalimfikisha hospitali mjini siku hiyohiyo.

Felista, mpimaji wa maabara ya hospitali, akapima damu: chembe nyeupe zimezidi mno, na bilirubini, ile rangi ya nyongo, ilikuwa mara nane ya kawaida. Picha ikaonyesha jiwe limeziba mrija wa nyongo. Daktari akaeleza kuwa mrija umepata maambukizi, dripu itatuliza tu, jiwe lazima litolewe. Yusufu akakubali dripu, akakataa upasuaji. Alidai damu imechukuliwa kwenye mkono wenye salfa, ndiyo iliyoharibu vipimo.

Felista hakubishana. Kabla ya dripu alimpa sabuni, Yusufu akausugua mkono wa kushoto mpaka ukawa mwekundu, wa kulia akauacha. Kila mkono ukatoa damu ya chupa yake, iangaliwe kama itaota vijidudu: kama ni salfa tu, mkono uliooshwa utatoa jibu tofauti.

Siku mbili tukasubiri. Homa ilipanda, yeye akishikilia lake, na mkewe Sharifa hali wala halali. Nilimkasirikia Yusufu sana.

Siku ya tatu Felista akarudi. "Baba, chupa zote mbili zimeota bakteria walewale."

Yusufu akaanza kusema labda sabuni ilikuwa hafifu. Sharifa akamkatiza.

"Baba Hawa, salfa yako naifua mimi miaka yote, haijawahi kunishinda. Haya ya machoni yamenishinda. Naogopa."

Yusufu akaomba kalamu, akasaini kukubali upasuaji.

Amepona, na shambani amerudi. Ila kila asubuhi Sharifa humsimamisha mlangoni, akamvuta kope kutazama weupe wa jicho. Bingwa wa salfa husimama, kidevu juu, mpaka aruhusiwe kuondoka.