Salamu Iliyovunja Dawa

Nilipokuwa mtoto kule Mwamapalala, niliambiwa kwamba mimi ndiye niliyeivunja dawa ya mama.

Mama alikuwa na uvimbe kwenye titi. Daktari wa zahanati alisema apelekwe Bariadi haraka, wakautoe. Bibi, mama yake baba, akakataa. Kisu kinaukasirisha uvimbe, alisema. Yeye ataupooza kwa mizizi ya mlungulungu, kama alivyofundishwa kwao. Baba hakuwa na neno mbele ya mama yake. Lakini mizizi ile ilikuwa na mwiko: anayeibeba hasemi na mtu njiani mpaka aitue mbele ya mgonjwa.

Tulichimba asubuhi. Bibi akanitwisha kikapu, yeye akabaki kufukia shimo, maana mti haufai kuachwa mizizi wazi. Karibu na josho la ng'ombe nikakutana na mzee wa ukoo wetu. Na kwetu mtoto wa kike hampiti mzee kama anapita kisiki. Nikapiga magoti, kikapu kichwani. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia, na nikafurahi kwamba hakuna mzizi ulioanguka.

Jioni yule mzee alikuja mwenyewe nyumbani kunisifu kwa adabu. Bibi akaweka kata chini. Hakunipiga. Alisema tu, "Basi, dawa imekufa."

Mama aliendelea kuinywa. Uvimbe ukawa kidonda. Alifariki pamba ikiwa bado shambani, na kwenye msiba shangazi mmoja akasema ili nisikie, "Kadomo kake hako."

Nilipokua niliungama jambo hilo kwa padri zaidi ya mara moja. Aliniambia si dhambi. Sikumwamini, padri anajua nini habari za mlungulungu?

Mwaka huu wamekuja vijana wa chuo kikuu kuchukua magome na mizizi yake, wakapime kama ina kitu cha kuzuia saratani. Niliwapikia. Nikamwuliza binti aliyewaongoza kama kweli inatibu.

"Bado hatujui, mama. Hata ikiua seli za saratani kwenye chupa, mwilini ni habari nyingine. Mgonjwa asiache hospitali kwa ajili yake."

"Na aliyeibeba akisalimia watu njiani?"

Alicheka, akadhani namtania. "Haina shida, mama. Sisi tumesalimia kijiji kizima."

Nikacheka naye. Kisha nikaenda jikoni nikalia, na hayakuwa machozi ya nafuu. Kama si mimi niliyemuua mama, basi ni nani aliyemzuia asiende Bariadi? Bibi ndiye aliyenilea baada ya hapo, akijinyima maini ili nile mimi. Labda aliamini kweli, Mungu ndiye ajuaye. Lakini alizeeka akiniona nimeinama na mzigo ule, akanyamaza mpaka akafa.

Jioni tunasali rozari kuwaombea marehemu wetu, na yeye namtaja kwa jina. Tukifika kwenye "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea," nawaacha wenzangu wapite. Nawasubiri kwenye Amina.