Waltz ya mikono minne iliyoiokoa piano ya Zuhura, Muscat

Wakuu, habari zenu. Haya sikuhadithiwa, niliyakalia kwenye benchi moja mimi mwenyewe.

Mimi ni Mkenya. Miaka ya mwanzo ya 2000 nilifanya kazi saluni ya wanawake huko Azaiba, Muscat, na Ijumaa, siku ya mapumziko kule, nilipiga kibodi kanisani. Nilipiga kwa sikio, noti nilizisoma kwa kubahatisha.

Tulikuwa na mteja anaitwa Zuhura, Muomani ambaye wazazi wake walitoka Zanzibar. Siku moja namwosha nywele, vidole vyangu vikaanza kupiga wimbo kichwani kwake. Akauliza, "Wewe wapiga piano?"

Kumbe kwao ipo, aliyojifunzia utotoni. Familia ilikuwa inahamia Al Amerat na babake ameamua kuiuza, maana miaka haiguswi. Zuhura akabembeleza mpaka mzee akatoa sharti: "Nipigie nyimbo moja, mwanzo mpaka mwisho. Ukikatisha, nnaiuza."

Wimbo pekee aliokumbuka ni waltz fupi, muziki wa dansi wa kizamani wa Ulaya, ya watu wawili kwenye piano moja. Dadake aliyekuwa akipiga upande wa chini ameolewa mbali.

Nikasema nitakaa mimi.

Kwa wasiojua: wa noti za juu ana wimbo, wa noti za chini ana besi, moja-mbili-tatu, na pedali ya mguuni ni ya huyo wa chini peke yake. Siku ya kwanza tuliikanyaga wote, viatu vikagongana tukacheka.

Shida ilikuwa tabia yangu ya kanisani. Kule mwimbaji akipotea huachi kupiga, unazunguka palepale, unarudia besi ileile mpaka arudi. Kila Zuhura akikosea, mimi nazunguka. Akachoka. "Mwenzangu, piga kilichoandikwa tu."

Iliniuma, ila nikatii. Kila siku yangu ya ofu nilikuwa kwao. Nilishaapa moyoni kwamba piano ile haipandi pickup ya mnunuzi.

Siku ikafika. Mzee kakaa na tasbihi yake, kahawa mbele. Tukaanza vizuri kabisa.

Kufungua ukurasa wa pili, Zuhura akapotea. Mikono ikainuka hewani.

Wakuu, niliogopa. Lakini sikuacha. Nikashika besi ileile, moja-mbili-tatu, nikaizungusha tena na tena. Nikamnong'oneza, "Nipo. Ingia ukiwa tayari."

Akavuta pumzi, akaingia. Tukafika mwisho.

Mzee akaweka tasbihi chini, akasema, "Hapo kati mmekawia."

Nikajua tumekwisha.

"Lakini hamkukatisha. Waambieni wabebaji waichukue kwa adabu, twenda nayo Amerat."

Zuhura alilia, nami sikujizuia.

Tangu siku hiyo, mtu wangu akipotea simkimbilii wala simwachi. Nashika besi yangu mpaka arudi.

Nanyi je, nani aliwahi kuwashikia besi? Karibuni tuongee.