Feki Orijino

Basi la kutoka Caruaru lilikuwa likiingia São Paulo, na Genivaldo bado alikuwa akibishana na shangazi yake Lindalva kuhusu mfuko. Hakuwahi kufika jiji hili, na maghorofa yalimtisha kidogo. Mfuko ulimtisha zaidi.

"Shangazi, nilikuomba uje useme tu kwamba michezo ni yetu. Sikukuambia ubebe kibanda kizima."

"Mdomo mtupu nani atauamini, mwanangu? Hasa huo wako."

Lindalva amekuwa akiuza kanda za michezo ya video sokoni tangu Genivaldo hajazaliwa. Kanda ndivyo wanavyoviita vile vibweta vya plastiki vinavyochomekwa kwenye mashine. Kibanda hicho ndicho kilichomsomesha Genivaldo, naye akaja kuandika Punda, programu inayoifanya mashine mpya ya michezo ijifanye ya zamani. Alimwita Punda kwa kuwa hubeba mzigo wowote. Leo kampuni ya mashine ingeamua kama Punda auzwe katika duka lake la mtandaoni au atimuliwe.

Ofisini kwa kampuni walipokewa na mwanasheria wa duka. Aliitwa Daktari Heloísa, maana Brazili mwanasheria huitwa daktari, ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano.

"Programu yenyewe sina ugomvi nayo," alisema. "Lakini watu wataitumia kuchezea michezo ya wizi."

"Punda hana mchezo hata mmoja ndani, daktari. Kila mtu ataingiza ya kanda zake mwenyewe."

"Punda akikamatwa na magendo, mwenye punda huulizwa. Wewe ulimjaribia na nini?"

"Na kanda zetu. Orijino."

Lindalva akaumwaga mfuko mezani. "Orijino kabisa! Feki orijino!"

Genivaldo akafunika uso. Sokoni kwao feki orijino ni sifa: feki iliyotengenezwa vizuri, isiyogoma katikati ya mchezo, na ikigoma muuzaji anakubadilishia. Lindalva aliyaeleza hayo yote kwa fahari, kila neno likizidi kumzamisha mpwa wake.

"Mama, unajua mimi nafanya kazi gani hapa?" Heloísa aliuliza.

"Najua, binti yangu. Ndiyo maana sikukuletea zile mbovu."

Heloísa akaokota kanda moja ya mpira. Timu zilikuwa za Pernambuco, jimbo la kina Lindalva, majina yamekosewa herufi. Akaigeuza, na bila kufikiri akaisogeza mdomoni, akaipuliza vumbi kama walivyofanya watoto wa zamani kanda ikigoma.

"Haa!" Lindalva akapiga makofi. "Kumbe daktari ni mwenzetu! Nani alikuuzia, enzi hizo?"

"Tuendelee," Heloísa alisema, masikio yamemwiva. "Punda atauzwa, lakini mtupu. Na picha uliyotuletea ya kumtangaza dukani, inayoonyesha mchezo huuhuu wa feki, iondoke leo. Weka mchezo uliotunga mwenyewe."

"Sijatunga wowote."

"Basi kaa hapo utunge."

Genivaldo akafungua kompyuta. Lindalva hakuwa na muda wa kungoja wasanii. Basi la kurudi lilikuwa karibu kuondoka. Akazikusanya kanda zake, akaukung'uta mfuko.

"Ile ya mpira siioni."

Heloísa alikuwa akiitazama dari kwa makini sana.

"Haya, daktari. Ikigoma, niletee nikubadilishie."

Akatoka na mfuko wake begani. Genivaldo akabaki pale, akauanza mchezo wake kwa kumchora punda aliyebeba mzigo unaomzidi kimo.