Jezi Zilizofuliwa Mara ya Pili

"Chepkemei, hizo jezi utawapa wachezaji au utaipa ofisi?" Bi Kuluthum, jirani yake, alimwuliza hivyo Jumamosi moja mwaka wa 1974, wameinamia bomba la maji nyuma ya uwanja wa mpira, pale Nakuru.

 Kazi ya Chepkemei ilikuwa kufulia timu, na malipo yake makubwa yalikuwa kile chumba cha mabati kando ya lango, alimolala na wanawe. Wachezaji walikuwa wamegoma kwa kunyimwa marupurupu. Ofisi nayo ikaita vijana wa Naivasha wacheze badala yao siku hiyo. Jezi zote zilikuwa kwenye kamba ya Chepkemei, zimekauka.

Asubuhi nahodha Gachanja alikuwa amekuja. "Mama, ukizitoa hizo, wewe ni adui yetu. Usiseme hukuambiwa."

Kabla hajafika mbali, akaja katibu, Bwana Kipketer. "Saa nane nazitaka. La sivyo, nirudishie ufunguo wa chumba."

Ee Mungu, watoto hawa nitawalaza wapi? Alijaribu kusali, maneno yakamkauka kinywani. Basi mikono ikafanya kazi iliyoizoea. Akazianua jezi zote, akazitumbukiza kwenye karai, akaanza kufua.

"We! Wazimu umekushika? Unafua kitu kisafi?" Bi Kuluthum akamaka.

"Niache, dada. Nikikaa bure nitaanguka."

Kipketer alipofika, jezi zilikuwa zachuruzika, nzito kama blanketi lililonyeshewa. "Nani amekutuma?"

Angeweza kusingizia vumbi jeupe la ziwani ambalo upepo hutuletea. Lakini alimwogopa Mungu kuliko katibu. "Hakuna, mzee. Niliogopa, nikafua."

Vijana wa Naivasha wakazigusa, wakacheka, wakakataa kuzivaa. Mechi ikaahirishwa.

"Jumatatu jioni uwe umetoka," Kipketer akasema, akaenda zake.

Jua lilipoanza kushuka, wachezaji wakaja wakiimba. Ofisi ilikuwa imekubali kuketi nao Jumatatu asubuhi.

"Mama, wewe ni simba!" Gachanja akasema.

Simba gani, hata pa kulala hana? Wote walishangilia, na hakuna aliyemwuliza yeye ameambiwa nini na katibu. Chepkemei akajipangusa mikono kwenye leso, akamshika Gachanja mkono wa shati.

"Mwanangu, mkiketi na ofisi, naomba mseme na habari ya chumba changu."