Mdau wa humu alinichagulia kiwanja cha gofu cha pwani, nikaenda, nikacheza peke yangu

Habari zenu wakuu. Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Wa kucheka wacheke tu, nimeshawazoea.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Rungwe, nimepanga Msasani, Tukuyu mjini. Kwetu ni Arusha. Nilikulia jirani na kiwanja cha gofu, ujanani nikawa nawabebea watu mifuko ya fimbo mpaka mchezo ukaniingia. Nilipopangiwa kazi huku nikaja na fimbo zangu za mtumba.

Tukuyu ni pazuri wakuu, nisiseme uongo. Ndizi, maziwa, parachichi, kijani mwaka mzima.

Ila mcheza gofu ni mimi peke yangu. Kama yupo mwingine, basi kajificha vizuri sana.

Mazoezi nafanyia kwenye uwanja wa malisho nyuma ya nyumba. Mvua za huku mnazijua. Mpira ukidondoka unazama kwenye tope, unaenda kuuchimba kama kiazi.

Mwenye nyumba wangu, Mama Atupele, ni bibi wa Kinyakyusa, maneno yake machache ila yanaingia. Siku moja alisimama kwenye migomba akaniangalia weee, mwisho akasema, "Mwe, mwalimu! Unapiga mwenyewe, unafuata mwenyewe, unapiga tena. Sasa unagombana na nani?"

Nilicheka. Nilipoingia ndani kicheko kikaisha, maana alikuwa amesema kweli.

Ndipo nikafungua ule uzi, wakongwe wa humu mtakuwa mnaukumbuka. Niliomba ushauri: likizo ya Juni nataka kwenda kucheza pwani, kwenye links hasa, nichague kiwanja kipi? Kwa wasiojua, links ni kiwanja cha kando ya bahari, juu ya mchanga, hakina miti, ni nyasi fupi na upepo tu.

Mlinijibu nini? Mmoja akasema ninunue kwanza kiwanja cha kujenga. Mwingine akataka kujua mimi ni mwalimu au waziri.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejibu la maana. ID yake ni Mzee Kusi.

Akanifuata PM. Nilikuwa nawaza viwanja vitatu, kimoja cha Unguja na viwili vya pwani ya Kenya. Cha Unguja akakikataa palepale. "Ukiona minazi katikati ya njia ya mpira, hiyo ni bustani, kijana wangu." Cha pili akasema kimemwagiliwa maji mno, ardhi imekuwa laini. Cha tatu akakisifia mpaka nikahisi harufu ya chumvi. Akasisitiza niende Juni hiyohiyo, kusi ikiwa inavuma, bila upepo nitakuwa nimeenda kupiga picha tu.

Tukawa tunaandikiana karibu kila jioni. Alinielekeza shimo moja baada ya jingine. La saba ndilo alilolipenda kuliko yote: lenga mnara wa mawe, bahari iko kuliani, piga chini chini, upepo usiuone mpira.

Mimi nikaanza mazoezi ya kupiga chini chini. Kwenye tope la Tukuyu! Mpira unaruka hatua chache unajizika. Namwandikia, anacheka, ananiambia endelea tu, ardhi ya kule ni ngumu, utabingirika wenyewe.

Siku moja akaandika, "Nami nitakuja tucheze wote." Wakuu, nilifurahi kama mtoto. Nilimwambia hadi Mama Atupele kwamba nimepata mwenzangu.

Sasa humu tuna mila yetu, humuulizi mtu jina wala namba. Mimi nikaiheshimu. Tukapanga siku, tukapanga asubuhi, tukutane shimo la kwanza. Basi.

Safari ya mabasi sitaisimulia, mgongo bado unauma.

Asubuhi ile nilifika mapema, shati limepigwa pasi. Kila mzee aliyeingia nilimtazama usoni. Wawili niliwasalimia kabisa, wakaitikia wakapita. Nikamwandikia PM, kimya. Dada wa mapokezi akaja mara ya kwanza, akaja tena, kwa upole akasema, "Mwenzio huenda kapata dharura. Anza tu, akija tutamleta."

Nikaanza, mimi na mbeba fimbo, mtu mzima anaitwa Salimu.

Upepo ulikuwa kama alivyosema. Nikapiga chini chini, mpira ukabingirika mpaka nikacheka peke yangu. Tulipofika la saba nikamuuliza Salimu, mnara wa mawe uko wapi?

Akanitazama. "Shimo hilo lishaliwa na bahari, mwalimu. La saba sasa ni lile kule juu. Alokueleza hajafika hapa kitambo."

Nilisimama pale. Kwanza nilipandwa na hasira, nikaona nimechezewa. Halafu hasira ikaondoka, ikabaki huzuni tupu. Akilini nilimwona mzee amekaa mahali fulani, hawezi tena kwenda, ananichagulia mimi likizo ambayo angeitaka yeye. Labda sivyo. Sijui, na ndiyo shida yenyewe.

Nilicheza vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Mwisho Salimu akauliza, "Kadi utatiliwa sahihi na nani?" Kwenye gofu mwenzako ndiye anayeandika alama zako, nawe unaandika zake. Sahihi ya mbeba fimbo haihesabiki.

Nikaikunja kadi nikaitia mfukoni.

Niliporudi Mama Atupele aliuliza kama nilimpata mwenzangu. Nikasema hapana. Siku hizi nikitoka na fimbo anatoa kigoda chake barazani na kukaa akinitazama, mpira ukizama ananionyesha ulipo kwa kidole.

Nilichojifunza ni hiki: nilitumia miezi kuchagua kiwanja, sikutumia hata dakika moja kumuuliza niliyekuwa nachagua naye anaitwa nani na anaumwa nini. Ninyi wenye marafiki wa PM, waulizeni. Mila ya humu isiwafunge mdomo.

Leteni maoni, na matusi pia nitasoma. Anayemfahamu Mzee Kusi amwonyeshe huu uzi.

Ila nadhani ataufikia mwenyewe, maana ID yake inaonyesha jana alikuwa online.

Mzee wangu, sina kinyongo. Kama miguu imekataa, usihangaike na pwani. Njoo Tukuyu, kigoda cha pili kipo. Mimi nitapiga, wewe utaandika. Na ile kadi ya kule bado ninayo, nafasi ya sahihi haijajazwa.