Uzi Mtupu

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kikundi chetu cha akina mama wa Vidunda kilipata mashine ya kusaga, na maneno yakaanza: ikae wapi? Wengine sokoni, wengine shuleni, sisi wa mlimani tukataka kwetu. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, mwingine tumboni, na debe la mahindi kichwani hadi mashine ya Kidodi na kurudi. Sikuwa na masihara.

Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo tulipiga kura kwa shanga: nyeupe mlimani, nyekundu sokoni, buluu shuleni. Kila mmoja alitunga uzi wake. Ushanga wa juu ndio chaguo la kwanza, wa chini yake la pili, kisha la tatu. Mahali patakaposhika mkia panatolewa, ushanga wake unavuliwa, unahesabiwa unaofuata. Pakibaki mahali pawili hakuna kuvua tena, na mshindi lazima apate theluthi mbili ya wapiga kura.

Siku moja kabla nilimpitia bibi mmoja wa upande wa shule, akiwa na wifi yake. Nilihofia watawapa sokoni nafasi ya pili.

"Shikamooni. Tungeni buluu moja tu, msijisumbue na nyingine."

"Marahaba. Haya, mjukuu wangu."

Nikaondoka najiona mjanja!

Tulikuwa thelathini. Mlimani kumi na tano, sokoni tisa, shuleni sita. Buluu zikavuliwa: nne chini yake zilikuwa nyeupe, nyuzi mbili zikabaki tupu. Sisi wa mlimani tukawa kumi na tisa.

"Bado mmoja," mwenyekiti akasema. "Theluthi mbili ya thelathini ni ishirini."

Nikaruka. "Nyuzi tupu hazina mtu! Zilizobaki ni ishirini na nane, kumi na tisa zinatosha!"

Bibi akasimama na fimbo yake. "Kumbe mimi si mtu? Wewe si ndiye uliyeniambia nitunge moja? Ya pili ningetunga nyeupe. Binti yangu ameolewa huko juu."

Loo! Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilimpigia magoti nikamwomba radhi, na aibu ile ilikuwa ya kweli. Mwenyekiti akasema uzi mtupu nao ulishikwa na mkono wa mtu, turudie Jumamosi.

Wiki hiyo nilishuka tena Kidodi na debe langu, nikijilaani kila kona. Jumamosi sikumpitia mtu. Tukapata ishirini na moja.

Siku ya kwanza ya kusaga, bibi alipanda mlima na kibaba chake cha mahindi. Nikampisha mbele ya foleni.

"Unanihesabu leo?" akauliza.

"Wa kwanza, bibi."