Mbunge Aliyekataa Kukaa

Juzi niliona kwenye simu kwamba mbunge wa jimbo moja la Marekani, mhafidhina mkongwe, ameangushwa kwenye uchaguzi. Nikasikia harufu ya iliki.

Alasiri nilipomwona mara ya kwanza nilikuwa mtoto, sebuleni kwa Bibi kule mtaa wa Al Ras, juu ya maduka ya viungo. Mjomba, aliyekuwa akiishi kwenye jimbo hilo, alituletea kanda ya video. Mbunge huyo alikuwa amesimama peke yake akizungumza, sauti imemkauka, wenzake wakimzomea. Chuoni kwetu, tulikosoma Kurani, aliyesimamishwa mbele ya wenzake alikuwa ndiye mkosaji, basi nilimhurumia.

"Kakosa nini, Bibi?"

Bibi hakuacha kutwanga iliki yake. "Hajakosa kitu. Wenziwe wanamtaka akae, na yeye hataki."

Leo najua alikuwa akipinga nini, na karibu kila alichokipinga, mimi nakitaka. Lakini jana ofisini nilikuwa nikimtetea mlinzi wetu aliyenyimwa ruhusa ya kwenda kumzika mama yake, bosi akanikatiza mbele ya wote. "Khalas, kaa chini."

Nilikisukuma kiti changu chini ya meza, nikaendelea kusema.